Kabla ya Kumpeleka Mzee Makazini

Haya ni maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa Kata ya Njoro. Yanachapishwa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika.

  

Nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa sauti ya chini. Mzee wetu anapofikia hali ya kutoweza kuishi peke yake, na nyumbani hakuna wa kukaa naye mchana na usiku, tumpeleke wapi? Na tukishapata mahali, tutajuaje kwamba ni mahali pema?

Katika kata nyingine swali hili lingeonekana la mbali. Kwetu si la mbali. Yanapotajwa makazi ya wazee ya Serikali katika nchi hii, jina la Njoro hutajwa pamoja na Nunge ya Dar es Salaam, Fungafunga ya Morogoro, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Mwanza na Kilima ya Kagera. Kwa sababu hiyo wapo wanaofika ofisini na kuuliza, "Fomu ya kumwingiza mama pale Njoro inapatikana wapi?" Naomba nianze na jibu la swali hilo, kwa kuwa limewasumbua watu wengi.

Makazi ya Serikali hayakuwekwa kwa ajili ya mzee mwenye watoto waliotingwa na kazi. Yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza: yule asiye na ndugu wa kumtunza, asiye na kipato, asiye na pa kulaza kichwa. Baadhi ya makazi hayo nchini yalianza kama makazi ya watu waliougua ukoma, waliokuwa wametengwa na jamaa zao. Leo yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Njia ya kuingia huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya mtendaji wa kata, kisha hufika kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye huichunguza hali ya mzee na kuwatafuta ndugu zake kwanza. Ndugu wakipatikana, hao ndio wanaoulizwa. Kwa hiyo mtu mwenye kaka watatu na dada wawili asishangae akiambiwa arudi nyumbani wakazungumze.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ambayo inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, imeweka msimamo huo waziwazi. Familia ndiyo msingi wa matunzo, na makazi ni hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine kushindikana.

Lakini ndugu zangu, tuseme ukweli pia. Msingi huo umepata nyufa, na hazikuletwa na watoto wabaya peke yao. Mila ya Kichaga ilikuwa na jibu lake: mtoto wa kiume wa mwisho alibaki katika kihamba cha wazazi, akairithi nyumba, na pamoja na nyumba akarithi jukumu la kuwatunza. Leo huyo wa mwisho yuko Dar es Salaam au Mwanza. Kihamba kimegawanywa mara tatu, hakitoshi tena kulisha kaya. Wajukuu wako shule za bweni. Mama mwenye miaka 80 anabaki na ng'ombe mmoja na kijana wa kukata majani, na ukoo mzima huonana Desemba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na katika kila watu 100 karibu 6 walikuwa na miaka 60 au zaidi. Mkoa wetu ni miongoni mwa ile ambayo wazee ni sehemu kubwa ya wakazi. Kwa hiyo wapo watu wenye mapenzi na wenye heshima ambao watalazimika kutafuta makazi ya kulipia, yanayoendeshwa na mashirika ya dini au na watu binafsi. Nasema nao leo bila kuwalaumu. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, hakujaliwa kupata mtoto. Alilima kahawa na ndizi Uru kwa maisha yake yote, na ada yangu ya chuo ilitoka kwa sehemu katika mikono yake. Usiku mmoja alitoka kwenda choo cha nje, akateleza, akavunjika nyonga. Alilala pale chini hadi alfajiri, alipofika kijana wa maziwa. Alitibiwa, akapona kwa kiasi chake, lakini hakuweza tena kutembea bila kushikwa.

Desemba ile ukoo ulipopanda mlimani tulikaa kikao. Tulizungumza kwa saa tatu. Tulihesabu fedha, tukagawana michango, tukamteua wa kumsafirisha. Ndugu mmoja alikuwa amepata makazi katika mkoa mwingine, akatuonyesha picha katika simu: vitanda vyeupe, maua, sakafu inayong'aa. Shangazi alikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyemwita. Asubuhi nilipompelekea chai aliniuliza, "Mwanangu, ninahamia wapi?"

Sitayataja makazi yale. Tulikwenda kuyaona Jumamosi, saa kumi jioni, siku na saa tuliyopangiwa. Tulikaribishwa chai. Kila kitu kilikuwa kama katika picha. Miezi miwili baadaye binamu yangu alipita njia ile kwa shughuli zake, akabisha hodi saa moja usiku bila taarifa. Aliwakuta wazee wamelazwa tangu saa kumi na moja jioni, baada ya kupewa chakula cha mwisho saa kumi. Mhudumu alikuwa mmoja kwa nyumba nzima. Shangazi hakuwa ameinuliwa kutembea kwa wiki kadhaa, na alikuwa na kidonda cha kulalia mgongoni, chini ya kiuno. Tulimtoa kesho yake.

Kwa muda mrefu nililaumu nyumba ile. Ilistahili lawama. Lakini kosa la kwanza lilikuwa letu: hatukumwuliza mwenye maisha yake, na hatukuuliza maswali langoni kwa kuwa tulikuwa na haraka ya kutua mzigo. Maswali ambayo nitawapa sasa tuliyajua baadaye. Nawaomba ninyi myajue mapema.

Swali la kwanza ni la nyumbani: mzee wetu anahitaji nini hasa? Msijibu kwa neno "amezeeka". Watabibu hutazama mambo sita ya kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani na kuketi, kuzuia haja, na kula. Kaeni naye siku mbili, mwandike ni lipi analiweza mwenyewe, lipi kwa kusaidiwa, na lipi hawezi kabisa. Kisha ongezeni mengine: kupika, kumeza dawa kwa wakati, kushika fedha, kutumia simu. Mkimaliza mnaweza kugundua kwamba anayeanguka usiku anahitaji choo cha ndani, kishikio ukutani, taa na mtu wa kulala naye, na kwamba gharama ya hayo ni ndogo kuliko ada ya makazi. Au mtagundua kwamba anahitaji watu wawili kumgeuza kitandani, kazi ambayo binti mmoja wa nyumbani hataiweza.

Mpelekeni pia hospitali kabla ya kuamua. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na utambuzi wake huanzia katika ofisi ya mtaa. Presha, kisukari, macho yenye mtoto wa jicho na masikio yaliyoziba humfanya mtu aonekane ameishiwa kumbe anatibika. Na ikiwa mzee anapotea njia aliyoizoea, anauliza jambo moja mara kumi, au anawatuhumu wajukuu kumwibia, huo unaweza kuwa ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala si ukorofi. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliopoteza makao na hata maisha kwa sababu ya tuhuma za uchawi, na baadhi yao ndio waliokimbilia katika makazi ya Serikali. Tusiwaongeze wengine kwa kutojua.

Swali la pili ni kwake yeye mwenyewe. Mwulizeni akiwa ameketi pamoja nanyi, si akiwa chumba cha pili. Tulipomwuliza shangazi mara ya pili, alitupa masharti matatu. La kwanza, awe mahali anapoweza kusali Jumapili. La pili, asiwekwe mahali ambapo hakuna udongo wa kupanda kitu. La tatu, siku yake ikifika arudishwe kihambani, azikwe karibu na wazazi wake. Hakuna sharti lililohitaji fedha nyingi. Tungeyapata yote mwaka uliotangulia kwa kumwita tu aketi nasi.

Sasa twende langoni. Fikeni mara mbili: mara moja kwa miadi, na mara moja bila taarifa, wakati wa chakula cha jioni au mapema asubuhi. Makazi mema yana utaratibu wa wageni, na utaratibu huo uheshimiwe. Lakini mahali ambapo ndugu hawezi kabisa kufika ila kwa siku ya kupangiwa, ulizeni kwa nini.

Mkiingia, anzeni na kibali. Ombeni kuona cheti cha usajili, kisha mwulizeni Afisa Ustawi wa Jamii wa eneo lile kama anayafahamu makazi hayo na lini alifika kuyakagua. Makazi yasiyojulikana na ofisi ya ustawi wa jamii ni nyumba ya mtu tu.

Ulizeni juu ya watu kabla ya majengo. Wahudumu ni wangapi mchana, na wangapi usiku? Wamefunzwa wapi? Wamekaa pale muda gani? Mahali ambapo wahudumu huondoka kila baada ya miezi miwili hakuna anayemjua mzee kwa jina lake. Nani hugawa dawa, na huziandika wapi? Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda gani? Jibu la kawaida la wauguzi ni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mkiambiwa "tunaangalia tu", jibu mmelipata.

Kisha tazameni na kunusa. Harufu kali ya mkojo asubuhi inaweza kuwa ajali ya usiku mmoja. Ikiwepo saa nane mchana pia, ni desturi ya nyumba. Angalieni choo: kina kishikio, sakafu isiyoteleza, na mlango unaopitisha kiti cha magurudumu? Maji yanatoka, au yanangojwa? Mlango wa nje ukifungwa usiku, ufunguo unakaa kwa nani, na moto ukiwaka wazee watatokea wapi? Maji ya kunywa yako karibu na kila kitanda? Tazameni kucha za wazee, midomo yao, na nguo zao: kila mmoja amevaa nguo zake, au zinatoka katika fungu moja? Sikilizeni jinsi wahudumu wanavyowaita. Anayemwita mtu wa miaka 85 "wewe mtoto" mbele ya wageni, mbele ya ukuta atamwita nini?

Ketini na mzee mmoja wa pale, bila mwenyeji kusimama karibu. Mwulizeni jana alikula nini na saa ngapi. Mwulizeni hufanya nini baina ya chai na chakula cha mchana. Mtu aliyelima miaka 60 akiketishwa ukutani tangu asubuhi hadi jioni hufa kabla ya siku zake, hata akishiba.

Ulizeni hospitali iliyo karibu, usafiri wa usiku, na nani humpigia ndugu simu. Kwa sisi wa Moshi, ambao tuna KCMC na Mawenzi, ni rahisi kusahau kwamba mahali pengine hospitali iko mbali kwa saa kadhaa.

Sasa fedha. Msitoe shilingi bila mkataba wa maandishi. Mkataba useme ada ni kiasi gani na inajumuisha nini: chakula, dobi, nepi za watu wazima, dawa, usafiri wa hospitali. Useme ada ikipanda mtaarifiwa muda gani kabla. Useme itakuwaje michango ya ndugu ikichelewa, na itakuwaje mkitaka kumtoa. Ninyi nanyi andikeni mkataba wenu wa ukoo: nani anatoa kiasi gani, tarehe ipi, na nani atashika zamu ya anayeshindwa. Nimeona koo zikigombana zaidi kwa ajili ya mwezi wa saba wa michango kuliko wa kwanza. Na kama mzee ana pensheni, ijulikane nani anaipokea na inatumikaje, na mzee mwenyewe aonyeshwe hesabu.

Kwenye pensheni wenzetu wa Zanzibar wametutangulia. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea alianza kulipwa pensheni jamii, kwanza Sh. 20,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kimeongezwa baadaye. Zanzibar wana pia makao ya wazee, Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani Pemba. Pensheni ile haimtoshi mzee kwa kila kitu, lakini humpa neno mbele ya wanaomtunza. Huku kwetu, kaya maskini zilizoandikishwa hupata ruzuku kupitia TASAF. Mwenye swali juu ya hilo afike ofisi ya mtaa.

Lipo jambo la kihamba, nalo nalisema kwa uzito. Mzee anapohamia makazini, haki yake ya ardhi haihami naye. Ole wake anayempeleka mama makazini Jumatatu na kuleta wapimaji Alhamisi. Karatasi yoyote ya kuweka dole gumba katika majuma hayo ya kuhama isiwekwe, hadi mzee asomewe, aelewe, na awepo mtu asiye na faida katika jambo lile. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watumieni. Na palipo na kipigo, njaa ya makusudi au wizi, awe mtendaji ni mhudumu au ni mtoto wa kuzaa, toeni taarifa ofisi ya kata, ustawi wa jamii au polisi.

La mwisho ni baada ya kumpeleka. Kumwingiza mzee makazini ni mwanzo wa matunzo ya namna nyingine. Pangeni zamu ya kumtembelea, na zamu hiyo iandikwe kama michango ilivyoandikwa. Mwezi wa kwanza ni mgumu. Wengi hukosa usingizi na hamu ya kula. Fikeni mara kwa mara, kwa saa tofauti. Mpelekeeni kanga yake, kiti chake cha chini, picha ya marehemu mzee. Mtazameni mgongo na visigino. Aliyeonekana na nduguze hutunzwa vizuri zaidi. Wahudumu ni binadamu, na hujua ni mzee yupi ana watu. Kwa sababu hiyo hiyo, sisi majirani wa makazi ya hapa Njoro tuna wajibu. Wale waliomo wengi hawana wa kuwatembelea. Tusiwakumbuke tarehe 1 Oktoba tu, Siku ya Wazee Duniani, kwa mchele na sabuni na picha. Fikeni pia siku isiyo na jina, kwa utaratibu wa ofisi ya makazi, mkae nao na kuzungumza.

Mtauliza shangazi yangu yuko wapi. Yuko katika makazi madogo, safari hii tuliyoyakagua mara tatu, mara ya mwisho yeye mwenyewe akiwa nasi, akauliza maswali kuliko sisi sote. Amepewa kipande cha udongo nyuma ya jiko, amepanda mnafu. Sitawadanganya kwamba anafurahi kila siku. Husema mtori wao ni maji, na kwamba usiku husikia mlango wa nyumba yake ukigongwa na upepo huko Uru. Kila ninapoondoka husema maneno yale yale: "Mkija, mje na ndizi." Mwezi huu zamu ni yangu. Jumapili nitakwenda nazo.

Wakazi wenzangu, mwenye jambo la kuuliza aanze kwa mwenyekiti wa mtaa wake, au afike ofisi ya kata amwulizie Afisa Ustawi wa Jamii. Kuuliza ni bure. Na usiku wa leo, kabla ya kuuliza ofisi yoyote, mketishe mzee wako karibu, umwulize yeye.